Vitamini B3 Usoni: Kufifisha Madoa Bila Mkorogo

Chunusi ikipona huacha doa jeusi, na doa hilo ndilo linalowapeleka wengi kwenye mkorogo. Humo mara nyingi mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchubuka upesi. Ipo njia ya taratibu iliyo salama zaidi: vitamini B3, ambayo kwenye vipodozi huitwa niasinamaidi.

Inavyofanya kazi

Rangi ya ngozi hutengenezwa chini, kisha hupandishwa kwenye seli za juu. Penye chunusi au jeraha hupanda kupita kiasi. Niasinamaidi hupunguza upandaji huo. Pia huisaidia ngozi kutengeneza mafuta yake ya kinga, isikauke ovyo. Haikubadilishi rangi uliyozaliwa nayo. Hulifanya doa lifanane na ngozi iliyolizunguka.

Namna ya kutumia

1. Soma lebo: tafuta neno Niacinamide, asilimia 2 hadi 5. Kopo lisilo na lebo liache dukani.
2. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku 3. Pakiwasha au kuvimba, usipake usoni.
3. Nawa uso, ukaushe bila kusugua, kisha paka kiasi cha punje ya mbaazi, asubuhi na usiku.
4. Jikinge na jua kwa kofia, mtandio, mwavuli au losheni ya SPF 30. Jua hulirudisha doa.
5. Vumilia wiki 8 hadi 12. Piga picha kila baada ya wiki 4, mahali pale pale penye mwanga, ulinganishe.

Sahani nayo ni dawa

Vitamini hii imo kwenye karanga, dagaa, samaki na kuku. Anayeshindia ugali mtupu kwa muda mrefu anaweza kupata pelagra: ngozi ya shingo na mikono huwa nyeusi na kukauka, tumbo huharisha, akili huvurugika. Huyo krimu haimtoshi. Awahishwe kituo cha afya.

Nenda kituo cha afya ukiona

- doa linalokua au kutoa damu;
- baka lililopauka lisilosikia mguso, kwani huenda ni ukoma;
- ngozi imezoea mkorogo. Usione haya kusema ulichopaka: mhudumu akikijua, atakuongoza kukiacha salama.