Taa ya banda izimwe saa ngapi?

Ndugu mfugaji, hapa Lamadi nimekuta mabanda ya kuku wa mayai yanawaka taa mpaka asubuhi, eti watage zaidi. Hapana! Kuku wa mayai anatosheka na mwanga wa saa 16. Jua letu linatupa kama 12 mwaka mzima, basi ongeza 4 tu, polepole, nusu saa kila wiki, mwishowe unazima kabla ya saa 5 usiku. Giza ndilo linaloleta melatonini, homoni ya usingizi; kuku wasiolala huanza kudonoana. Mitetea chini ya wiki 16 usiwaongezee kabisa: wakitaga mapema, njia ya mayai inaweza kutoka nje. Na wewe unayelala chumba kimoja na vifaranga, taa ikikumulika usoni, wahamishe. Melatonini hiyo hiyo unaihitaji.