Siku ya Kupasuliwa Goti: Wajibu wa Wazee kwa Kijana Mchezaji

Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara ya samaki huko Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson katika Ziwa Turkana, ametuletea suala. Kijana wake mcheza mpira ameumia goti, madaktari wameshauri apasuliwe, na jamaa wamekhitilafiana. Huyu asema kupasuliwa ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Yule ataka kwanza afungwe hirizi. Na mamake aliye huku pwani ana khofu kwamba sala za mtoto zitaharibika. Tumeonelea kujibu hapa hadharani, kwani hapana mtaa wetu usiokuwa na timu, wala hapana timu isiyokuwa na kijana achechemeaye.

Wala asidhani mtu kwamba michezo ya bara ile ni upuuzi. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, walitoka wakimbiaji 5 waliokimbia katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Mguu wa kijana huenda ukawa ndio mlango wa riziki yake.

Kwanza na tujue maradhi yenyewe. Ndani ya goti mna kano iuzuiayo mfupa wa muundi usitelezee mbele. Mara nyingi hukatika bila ya mtu kugongwa: mchezaji hukita mguu, akageuka ghafula, akasikia mlio ndani, na goti likafura kwa muda wa saa chache. Si kila aliyekatika hupasuliwa. Wengine hutosheka na mazoezi ya viungo. Lakini atakaye kurudi kwenye mchezo wa kugeuka-geuka mara nyingi hushauriwa atengezewe kano mpya, nayo hutolewa katika kano nyingine ya mwili wake mwenyewe. Hapo pana kazi gani ya hirizi?

Ama kutawakali, Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu. Na Waislamu ndio waliokuwa mabingwa wa upasuaji: Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, alieleza vyombo vya kupasulia pamoja na picha zake, na Ulaya ikasoma kwake kwa karne nyingi. Asemaye leo kwamba kisu cha daktari chapingana na imani hajui dini wala hajui tarehe.

Sasa siku yenyewe. Jambo la khatari kuliko yote hutendwa kwa huruma. Mgonjwa huamrishwa asile, kwa kawaida saa 6 au zaidi kabla ya dawa ya usingizi, na maji huachwa saa 2 kabla. Lakini ifuatwe amri ya daktari wake. Shangazi humwona ana njaa, akampenyezea kikombe cha chai. Basi na ijulikane kwamba chai ya maziwa, na maziwa ya ngamia yanywewayo sana kule, huhisabiwa chakula. Aliyelazwa kwa dawa hawezi kujizuia; akitapika, matapishi huingia mapafuni, na huenda akafa. Ikiwa amekwisha kula, na aseme kweli, hata ikiwa kazi itaahirishwa na nauli imepotea.

Hirizi muuguzi ataivua pamoja na pete na saa. Sisi twasema: isirudishwe tena. Mzazi amsomee mwanawe dua mwenyewe, kwa sauti ya upole, wala asije na kundi la watu kumi kulia kitandani. Kijana anayekwenda kupasuliwa ana khofu ya kisu, na khofu kubwa zaidi ya kuachwa na timu. Mtu mmoja mwenye moyo mtulivu amtosha.

Ama sala, hapa ndipo watu wengi hukosea. Wengi huacha kusali kwa kuwa goti limefungwa bendeji. Goti si kiungo cha udhu! Miguu huoshwa mpaka vifundoni. Basi bendeji ya goti haizuii udhu, na asiyeweza kuinama aoshewe na mwenziwe. Bendeji ikifunika na nyayo, au ikiwa amepatwa na janaba, huosha palipo pazima, akapangusa juu ya bendeji, na katika madhehebu yetu ya Shafi huongeza na tayamamu. Asilazimishwe kulilowesha jeraha. Zama za Mtume (S.A.W.) palikuwa na mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, wenziwe wakamwambia hana ruhusa ila kuoga, akaoga akafa, Mtume akawakasirikia sana kwa kutoa fatwa wasiyoijua.

Asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Na ikiwa kijana wetu atapelekwa Eldoret, iliyo zaidi ya kilomita 300 kutoka Lodwar, huyo ni msafiri, maadamu hakunuia kukaa huko siku 4 kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka. Akiitwa chumba cha kupasuliwa baada ya adhuhuri kuingia, na asali adhuhuri na alasiri pamoja kabla hajaingia. Akiitwa asubuhi, anuie kuichelewesha adhuhuri mpaka wakati wa alasiri. Asiyekuwa msafiri naye ana nafasi: Imamu Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu kukusanya kwa ajili ya ugonjwa. Na sala iliyompita usingizini, ihtiyati ni ailipe akizindukana.

Akiwa mgonjwa ni msichana, atafutwe daktari wa kike. Asipopatikana, hapana dhambi kutibiwa na mwanamume, na awepo maharimu wake au mwanamke mwaminifu. Kumkosesha mtoto matibabu kwa sababu hiyo ni dhulma.

Baada ya hapo kazi ndiyo kwanza yaanza. Mazoezi ya viungo hufanywa kila siku, hata yakiuma, na madaktari wengi humkataza mpira mpaka miezi 9 ipite. Homa, jeraha kutoa usaha, shavu la mguu kufura na kuuma, au pumzi kubana, hayo si ya kungojewa: arudishwe hospitali usiku ule ule.

Suala lake jingine, kama zaka yaweza kulipa gharama hizi, tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.