WIZI KAZINI NI HATARI YA AFYA PIA



Kila mara ukurasa huu unawaambia habari ya kofia, viatu, vumbi na homa. Leo tuseme juu ya wizi. Pengine mutauliza: wizi ni kazi ya zamu na polisi, muganga anatafuta nini pale? Jibu ni hili: kitu kinachoibwa kazini kinaweza kumuumiza mutu asiyejua neno lolote, na mutu yule analetwa kwetu.

Waya moja tu

Angalieni waya wa ardhi. Mashini kubwa ya umeme inaunganishwa na ardhi kwa waya wa shaba. Ubovu ukiingia ndani, umeme unashuka kwa njia ya waya ule, na fizibu inakata. Mutu akiiba waya ule juu ya kuuza mita mbili za shaba, mashini haisimami. Inazunguka kama jana. Hakuna anayejua, mpaka siku ya ubovu, wakati mwenzake anaweka mukono juu ya chuma. Mwizi alipata feza ya kula siku moja. Mwenzake anaweza kupoteza maisha.

Ni vilevile kwa bido iliyokuwa na asidi au dawa kali ya kiwanda. Ikitoka kwa siri na kufika sokoni, mama anaosha mara mbili, kisha anaweka maji ya kunywa ya watoto. Hakuna aliyemwambia kilichokuwa ndani.

Katika Brazil, mji wa Goiânia, mwezi wa Septemba 1987, watu wawili walitoa sehemu ya mashini ya kutibu kansa ndani ya jengo la hospitali lililoachwa. Waliuza kwa munuzi wa vyuma vya zamani, vile tunavyoita hapa mitraye. Ndani mulikuwa unga wa sesiamu uliotoa mwanga wa buluu usiku. Watu walifurahi, wakaugawa kwa jamaa na marafiki. Watu 4 walikufa, mumoja wao mutoto wa miaka 6. Watu 249 walionekana na uchafu wa sumu ile, na zaidi ya watu 100,000 walipaswa kupimwa. Munuzi wa mitraye hakujua alichonunua. Jamaa yake haikujua pia.

Vitu vitatu

Mulifundishwa kwamba moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Ondoa kimoja, moto unazimika. Wizi kazini ni karibu vile. Donald Cressey, mwalimu wa Marekani, aliuliza wafungwa walioiba mali waliyoaminiwa nayo, na mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoona. Mambo ni matatu: shida ambayo mutu anaificha, mulango ulio wazi, na neno la kujidanganya nalo: «naazima tu», «mushahara umechelewa», «kampani haitaona».

Shida ya nyumbani hatuwezi kuiondoa yote. Neno la kujidanganya liko ndani ya roho ya kila mutu. Lakini mulango wazi tunaweza kuufunga sisi sote. Kuufunga ndiyo kazi ya kontrole.

Kabati ya dawa

Kwa dispensari, sheria ni hizi. Anayeomba dawa siye anayezipokea peke yake. Anayezitunza siye anayezihesabu peke yake mwisho wa mwezi. Dawa kali za maumivu, kama morfini, zinakaa ndani ya kabati yenye kufungwa mara mbili, na buku lake peke yake. Kila dawa ina fishi: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zinazobaki, na sahihi.

Tufanye hesabu ya mufano. Mwanzo wa mwezi kulikuwa vidonge 1,200 vya amoksisilini. Vikaingia 1,000, vikatoka 1,650. Vinapaswa kubaki 550. Watu wawili wanahesabu, wanapata 490. Vinakosa 60. Kwa mugonjwa wa mapafu anayekunywa vidonge vitatu kwa siku, siku tano, hiyo ni dawa ya watu wane.

Je, tupige kelele «mwizi»? Hapana. Kwanza tunahesabu tena. Kisha tunatazama buku la wagonjwa: pengine dawa ilitoka usiku na haikuandikwa, pengine kopo lilivunjika. Kama sababu haionekani, shefu anaambiwa siku ileile, kwa maandishi. Fishi iliyoandikwa vizuri inamulinda mutu mwaminifu. Pasipo fishi, kila mutu anashukiwa, na mara nyingi lawama inaangukia mudogo.

Fanyeni vile kwa magazini ya vyombo, kwa mafuta ya gari na kwa sanduku la dawa la chantie. Ni desturi mbaya kusema «tia sahihi tu, tutahesabu kesho». Sahihi ni neno lako. Ukiitoa juu ya kitu usichokiona, umemupa mwingine jina lako aibe nalo.

«Wakubwa wanaiba zaidi»

Neno hili tunalisikia, na si uongo siku zote. Mwaka 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kwa muda wa miaka mitatu, mali ya madini ya Serikali yetu yenye bei isiyopungua dola miliyari 5 ilipelekwa mikononi mwa makampuni ya watu, na sanduku la Serikali halikulipwa. Basi, kontrole inapaswa kuanzia juu. Kama mulangoni wanapekua mufuko wa mutumikaji, wafungue na gari ya shefu. Lakini wizi wa mukubwa haurudishi waya wa ardhi pahali pake. Anayeshika mashini ile ni mwenzako, si mukubwa.

Tukumbuke

1. Usitie sahihi juu ya kitu usichokihesabu.
2. Ukiona waya umekatwa au kizimamoto kinakosa, simamisha kazi kwanza, kisha mwambie kapita.
3. Usinunue bido au mitraye usiyojua ilikotoka. Usiwaache watoto wachezee.
4. Shida ya feza usiifiche mpaka ikushinde. Isemee jamaa, delege au asistanti sosiali.
5. Wamama, kitu cha kazi kikiingia nyumbani, ulizeni kimetoka wapi na nani aliruhusu. Ulizo lenu linaweza kuokoa mutu mwenye kuingia zamu ya usiku.