Mkasi na Hadithi: Somo Juu ya Filamu Zilizokatwa Upya

Muhula uliopita nilifanya kosa, na somo hili limetokana na kosa hilo. Wasomaji wa gazeti letu watakumbuka hadithi fupi ya msichana mmoja wa Kidato cha Pili, aliyeeleza safari yake ya kwanza ya kuja shuleni kwa lori. Hadithi ile ilipoletwa kwangu ilikuwa kurasa nane za daftari. Nafasi ilikuwa ndogo. Basi mimi, niliyekabidhiwa kazi ya kuhariri, nikachukua kalamu nyekundu nikaikata hata ikabaki kurasa tatu. Nilidhani nimefanya kazi safi. Siku gazeti lilipotoka, mwandishi alikuja mlangoni pa chumba cha walimu, akasema kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia. Kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, mbona bibi yangu hayumo?"

Nilimweleza habari za nafasi na gharama za karatasi. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake. Tangu siku ile hakuniletea hadithi nyingine.

Likizo ilipofika, jambo hili lilikuwa bado limenikaa moyoni. Mpwa wangu, ambaye ni mpenzi mkubwa wa sinema, alinisikia nikilisimulia, akacheka akasema, "Mjomba, wako watu duniani ambao burudani yao ni hiyo hiyo, kukata hadithi za wenzao. Tena wao hukata filamu nzima." Nikamtaka anieleze. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika kwa faida ya wanafunzi wanaosumbuliwa na somo la ufupisho, na kwa faida ya walimu wenzangu wenye kalamu nyekundu.

Kitabu kimoja, filamu tatu

Mfano tuliouchagua ni hadithi iitwayo The Hobbit. Mtungaji wake ni J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kitabu kilichapwa mwaka 1937, nacho kina sura 19. Ni hadithi ya mtu mdogo aitwaye Bilbo Baggins, mpenda kukaa kwake na kula vizuri, ambaye alitolewa nyumbani na mzee wa miujiza Gandalf, akafuatana na mbilikimo 13 kwenda kuikomboa mali yao iliyolaliwa na joka Smaug chini ya mlima.

Mwongozaji Peter Jackson wa New Zealand alikifanya kitabu hicho kuwa filamu. Hapo kwanza zilikusudiwa kuwa mbili. Lakini mwezi wa Julai 2012, kazi kubwa ya kupiga picha ilipokuwa imekwisha, akatangaza kwamba zitakuwa tatu. Ya kwanza ilitoka Desemba 2012, nayo ni dakika 169; ya pili mwaka 2013, dakika 161; ya tatu mwaka 2014, dakika 144. Jumlisheni, mtapata dakika 474, yaani saa 7 na dakika 54. Kumbukeni ya kuwa mwongozaji huyo huyo alikuwa ametengeneza filamu tatu za The Lord of the Rings, zilizotoka mwaka 2001 hata 2003. Lakini kazi ile ya Tolkien ilitolewa katika vitabu vitatu vikubwa. Huko vitabu vitatu vilizaa filamu tatu. Huku kitabu kimoja cha watoto kimezaa filamu tatu.

Basi urefu ule ulitoka wapi? Sehemu nyingine ilitoka katika maandishi mengine ya Tolkien mwenyewe. Mathalan, katika kitabu Gandalf huwaacha wenzake njiani, na baadaye twaambiwa kwa maneno machache tu alikokwenda. Katika filamu safari yake yaonyeshwa. Sehemu nyingine ilibuniwa. Yumo mwanamke askari aitwaye Tauriel, wa jamii ya watu wa msituni wasiozeeka, ambaye hayumo kabisa katika kitabu, naye apendana na Kili, mmoja wa wale mbilikimo. Yumo pia Azog, adui ambaye kitabuni hutajwa tu kuwa zamani alimwua babu yake Thorin, mkuu wa mbilikimo. Katika filamu yu hai, naye awawinda njia nzima.

Wapenzi wengi wa kitabu walinung'unika ya kuwa Bilbo amepotea katika umati. Lakini wengine hawakuishia kunung'unika. Mwezi wa Januari 2015, majuma machache tu baada ya filamu ya tatu kutoka, mtu mmoja asiyetaja jina lake alizikata zote tatu akazifanya moja ya saa nne na nusu hivi. Wengine wakafuata, kila mtu na kipimo chake. Mwigizaji wa Marekani Topher Grace alieleza mwaka 2018 ya kuwa naye alizikata zikawa filamu moja ya saa mbili, apate kuituliza akili yake baada ya kuigiza mtu mwovu katika filamu nyingine. Wala desturi hii si mpya. Filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1999 ilikatwa na mpenzi wake mmoja, ikapungua dakika zipatazo 20, na kufika mwaka 2001 nakala zake zilikuwa zikipita mkono kwa mkono katika kanda za video.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Msidhani kazi hii ni ya kufumba na kufumbua. Mkataji huiingiza filamu katika kompyuta, akaigawanya vipande vipande kwa programu ya kuhariri. Kukata picha ni rahisi. Ugumu u katika sauti. Muziki wa filamu haungoji mtu amalize kusema. Hupita chini ya maneno, ukatoka katika tukio moja ukaingia katika la pili. Ukikata katikati, muziki huruka kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa, na mtazamaji hujua papo hapo kwamba pana kitu kilichotolewa. Kwa bahati njema, filamu za siku hizi huwa na njia kadhaa za sauti. Maneno ya waigizaji, kwa sehemu kubwa, hupita katika njia ya katikati, na muziki hupita zaidi katika njia za pembeni. Kwa hiyo mkataji stadi aweza kupunguza kimoja na kukiacha kingine, kisha akaunganisha muziki wa mahali pengine ili kuficha mshono.

Hapa nilimkumbuka fundi wa cherehani. Kuipunguza kanzu si kukata ncha ya chini tu. Yampasa afumue mishono, apunguze ndani, ashone tena. Na akiwa fundi kweli, mvaaji hataona palipopita mkasi.

Shimo linaloachwa

Tulizitazama filamu zote tatu, moja kila jioni, nami daftari mkononi. Sikugusa filamu, nilikata katika karatasi tu. Nilifanya orodha ya matukio, kisha nikapiga mstari juu ya kila lisilokuwemo kitabuni. Nikaona raha kwelikweli, kama niliyoiona nilipoikata hadithi ya yule msichana. Lakini mpwa wangu alianza kuniuliza maswali.

"Mjomba, umemfuta Azog?"

"Nimemfuta."

"Basi mwisho wa filamu ya kwanza, Thorin amkumbatia Bilbo kwa nini?"

Nilinyamaza. Katika filamu, Thorin hamthamini Bilbo mpaka siku Azog amwangushapo, naye Bilbo, yule mpenda kukaa kwake, aruka na kisu chake kidogo kumwokoa. Nikimfuta Azog, kumbatio lile halina sababu. Nimemtoa adui, nami nimemtoa na ushujaa wa Bilbo pamoja naye.

Akauliza tena, "Umemfuta Tauriel?"

"Yeye ndiye wa kwanza. Hata kitabuni hayumo!"

"Basi Kili amepigwa mshale mguuni, wenye sumu. Nani amponyaye? Na kama unafuta na mshale pia, kwa nini mbilikimo wanne wamebaki mjini, hawakwenda mlimani pamoja na wenzao?"

Katika kitabu mbilikimo wote 13 hufika mlimani. Katika filamu wanne hubaki nyuma, wengi wao kwa ajili ya jeraha la Kili, na huko mlimani hawakupigwa picha pamoja na wengine siku ile. Mkataji hawezi kuwapeleka. Hana kamera, hana waigizaji, hana mlima. Ana mkasi tu. Aweza kutoa, aweza kuhamisha, lakini hawezi kuumba. Kwa hiyo yampasa achague: amwache Tauriel kidogo, au aliache pengo na kuomba mtazamaji asihesabu vichwa.

Hapo nililielewa jambo moja ambalo miaka yangu yote ya kufundisha ufupisho sikuwa nimelisema wazi. Kila kipande cha hadithi kimefungwa uzi kwenye kipande kingine kilicho mbali. Kabla ya kukata, vuta uzi uone mwisho wake uko wapi.

Na wakataji wale, ni nini kilichowaongoza? Yule wa Januari 2015 alikuwa na kanuni moja: hadithi hii ni ya Bilbo. Lililomhusu Bilbo alilishika, na lililomfunika alilipunguza. Kanuni hii ni njema, maana hailali juu ya urefu. Mkataji mbaya huuliza, "Nipunguze kurasa ngapi?" Mkataji mwema huuliza kwanza, "Hadithi hii ni ya nani?"

Haki ya mwenye kazi

Lakini je, ni halali? Wanafunzi wangu hakika watauliza. Filamu ni mali ya wenye kuitengeneza, na sheria za hakimiliki za nchi nyingi hukataza kuigeuza na kuisambaza pasipo idhini yao. Wakataji wengi wamejiwekea desturi yao: asitazame toleo lililokatwa ila yule aliyekwisha kununua filamu ya asili, na mtu asiuze kazi hiyo hata kwa senti moja. Desturi hiyo ina heshima ndani yake, walakini desturi si idhini. Yafaa tulijue hilo wala tusijidanganye.

Tena liko jambo la pili. Tolkien mwenyewe alikikata na kukishona upya kitabu chake. Katika chapa ya 1937, kiumbe Gollum yu tayari kumpa Bilbo pete yake kuwa zawadi ya kushinda mafumbo. Baadaye, Tolkien alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, pete ile ikawa kitu cha kutisha ambacho ni vigumu mno mtu kukitoa kwa hiari. Basi akaibadili sura hiyo, na chapa ya 1951 ikatoka na maneno mapya. Tofauti ni nini? Mtungaji alivuta uzi wa hadithi yake mwenyewe, kwa mkono wake, na kwa jina lake. Wakataji wa filamu hukata kazi ya mwingine, lakini filamu ya asili ingaliko. Atakaye aweza kuilinganisha na kuwahukumu. Mimi je? Nilikata kazi ya mwingine, nikaitoa kwa jina lake, na toleo la asili halikuonekana na mtu. Nimepungukiwa kuliko wote.

Bibi aliyetolewa

Nilirudi shuleni nikalitafuta daftari la yule msichana, nikalisoma upya, safari hii nikivuta nyuzi. Katika kurasa nilizozifuta, bibi yake ameketi mlangoni usiku wa kuamkia safari, anafungua fundo la kanga yake, anahesabu fedha alizopata kwa kuuza mbuzi. Hazikutosha. Kisha anaikunja kanga ile ile na kuiweka chini kabisa katika sanduku la bati la mjukuu wake. Nilipofuta, nilijiambia, "Haya ni mapambo, hadithi ni ya safari ya lori." Lakini mwisho wa hadithi, ambao niliuacha kwa sababu niliuona mzuri, msichana afungua sanduku bwenini na kulia. Wasomaji kadhaa waliniuliza, "Alilia nini?" Nami niliwajibu kwamba watoto wageni hulia. Kumbe aliliona fundo la kanga. Nilikuwa nimemfuta Azog na kuliacha kumbatio.

Nimemwita mwandishi nikamwomba radhi. Hadithi yake yachapwa nzima katika toleo hili, pasipo neno kupunguzwa, na kwa ajili hiyo nimeyatoa maelezo yangu ya michezo, ambayo hakuna atakayeyalilia. Nilimwuliza kama ataandika tena. Alisema, "Nitajaribu, Mwalimu, lakini nikiandika, tutakata pamoja." Nimekubali, na tangu sasa ndiyo itakuwa kanuni kwa kila mwandishi wa gazeti hili.

Maswali ya kujaribu

1. Soma hadithi ya lori katika toleo hili. Taja hadithi hiyo ni ya nani, na utoe sababu mbili.

2. Chagua filamu au hadithi yoyote uijuayo. Andika orodha ya matukio yake, kisha futa tukio moja. Eleza ni matukio gani mengine yamebaki bila sababu.

3. Ifupishe hadithi ya lori kwa maneno 150. Bibi asitoke.