Mfranjipani Unapokawia Kutoa Maua

Wasomaji kadhaa wametuuliza juu ya mti wa mfranjipani. Wameupanda mbele ya nyumba, umeshika vizuri, una majani makubwa ya kupendeza, lakini mwaka wa pili umepita, na wa tatu pia, bila ua hata moja. Wengine wameongeza kwamba panga limekwisha kunolewa. Basi somo la mwezi huu ni juu ya mti huo, na kwa kuwa panga limetajwa, neno la kwanza ni hili: usikate. Mfranjipani ukikatwa ovyo huchelewa zaidi, na mara nyingi sababu ya kukawia iko kwa mtu wala si kwa mti.

Kwa wasioujua kwa jina, huu ni mti mdogo wenye matawi manene, laini, yaliyo kama vidole vilivyovimba. Majani yake marefu hukusanyika mwishoni mwa matawi tu. Ukivunja jani hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yana petali tano, nayo huwa meupe yenye manjano katikati, au ya waridi, au mekundu, na harufu yake huzidi usiku. Pwani huonekana kila mahali. Bara hupandwa mbele ya maofisi, mahoteli na makanisa, na sasa watu wengi huununua katika vitalu vya kando ya barabara.

Asili yake si Afrika. Ulitoka Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na jina lake la kitaalamu, Plumeria, ni kwa heshima ya Charles Plumier, mtawa Mfaransa aliyesafiri visiwa hivyo akitafuta mimea, akafariki mwaka 1704. Lakini lenye faida zaidi kwetu si jina, bali hali ya nchi ulikotoka. Mifranjipani ya mwituni huota katika misitu mikavu na penye mawe, mahali pa jua kali, mvua ya miezi michache na kiangazi kirefu. Kwa hiyo mti huu huweka maji na chakula ndani ya matawi yake, hupukutisha majani wakati wa shida, na hungoja. Mtu anayeuona mtupu wakati wa kiangazi huko pwani, au wakati wa baridi ya Julai huku bara, asiseme umekufa kabla ya kukwaruza gome kwa ukucha. Akiona kijani chini yake, mti u hai, umelala tu. Tawi lililokufa huwa limenywea, na likibonyezwa hulegea.

Sasa toka nje ukautazame mti wako, maana somo lenyewe liko pale. Maua ya mfranjipani hutoka mahali pamoja tu, nayo ni ncha ya tawi. Hayatoki ubavuni wala kwenye shina. Tawi hukua likinyoka mpaka likomae, kisha ncha yake hutoa shada la maua. Shada likimalizika, ncha ile haiwezi kuendelea tena, na chini yake huchipuka matawi mapya mawili au matatu. Pale pagawanyikapo huitwa panda. Basi, isipokuwa ncha ilivunjika au ilikatwa, kila panda ni alama ya maua yaliyopita. Mti ulio kijiti kimoja kilichonyoka, bila panda hata moja, haujapata kuchanua maisha yake yote. Mti wenye panda tatu zilizofuatana umechanua si chini ya mara tatu, hata kama hakuna aliyeyaona maua.

Jambo hili lilitufaa mwaka jana. Mama mmoja wa karibu na Voi alikuja ofisini kuuliza kama mfranjipani wake ni dume. Aliupanda marehemu mume wake, kwa kipande cha tawi alichokileta kutoka Mombasa. Mama mwenyewe alikuwa akifanya kazi Nairobi siku hizo, akirudi nyumbani wakati wa Krismasi tu. Alipostaafu alikaa na mti huo miaka mitatu bila kuona ua. Wanawe walitaka kuung'oa ili wajenge kijukwaa cha tangi la maji, nao hawakuwa wajeuri, maana maji kule ni shida na mti ulikuwa karibu kabisa na mfereji wa paa.

Kwanza tulimwambia kwamba hakuna mfranjipani dume. Kila ua lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, kwa hiyo mti usiochanua hauna upungufu wa namna hiyo. (Mpapai ni habari nyingine, na wengi huchanganya miti hii miwili katika jambo hili.) Kisha Bwana Shamba alikwenda nami kuutazama. Shina liligawanyika usawa wa kiuno, matawi yakagawanyika tena usawa wa kifua, na mengine mara ya tatu usawa wa kichwa. Juu ya panda ya tatu vilisimama vijiti vyembamba, virefu kama futi tatu, visivyogawanyika. Tulimwonyesha mama kwa kidole, tukihesabu. Mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kivulini akitusikiliza, akasema ni kweli, maua yalikuwako. Marehemu alikuwa akiyaokota asubuhi na kuyaweka mezani katika kikombe cha maji. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Swali likawa, basi, kitu gani kilibadilika? Haikuwa vigumu kuona. Baada ya msiba banda la kuku lilihamishiwa upande ule, na mbolea yake ilitupwa kila juma chini ya mti. Maji ya kuoga yalimwagwa papo hapo, kwa nia njema. Tena mwarobaini wa upande wa magharibi ulikuwa umekua mpaka ukauzuia jua la alasiri. Mambo haya matatu ndiyo tunayoyakuta mara kwa mara, kwa hiyo tuyatazame vizuri.

Mbolea ya kuku na ya ng'ombe ina naitrojeni nyingi, na mbolea ya CAN tunayonyunyizia mahindi ni ya naitrojeni pia. Naitrojeni hukuza majani na matawi. Mfranjipani ukishibishwa nayo hauna haja ya kuchanua. Huendelea kurefuka tu, na mwenyewe akiona majani ya kijani kibichi hufurahi, akaongeza tena. Mti ulio ardhini hauhitaji zaidi ya kikapu kimoja cha samadi iliyooza, mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua. Zinazobaki peleka kwenye sukuma wiki, ambako majani ndiyo tunayoyataka.

Maji nayo yana kipimo chake. Mti mkubwa ulio ardhini hutosheka na mvua katika sehemu nyingi za nchi yetu. Ukiumwagilia wakati umelala na hauna majani, maji hukaa kwenye mizizi isiyoyanywa, na mizizi huoza. Aliyeupanda katika debe au ndoo ahakikishe kuna matundu chini, na aache udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Lakini kama ningeambiwa nitaje sababu moja tu, ningetaja kivuli. Mfranjipani unataka jua lisilozuiliwa, saa sita kwa siku au zaidi. Watu husema, "Mti wangu uko juani," kwa sababu waliutazama saa sita mchana. Utazame saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri, siku moja, na uandike kila mara kama jua limeufikia. Ukikuta kivuli mara mbili kati ya tatu, hapo umepata jibu. Mti wa kivulini hujitambulisha: matawi ni membamba, nafasi kati ya alama za majani yaliyoanguka ni kubwa, na wote umeinama upande mmoja ukitafuta mwanga. Punguza matawi ya mti ulio jirani; usipunguze ya mfranjipani.

Hapo ndipo panga linapokosea. Mtu aonaye mti mrefu usio na ua hukata ncha zote ili "uchangamke." Nao huchangamka kweli! Kila tawi lililokatwa hutoa machipukizi mawili au matatu. Lakini ncha zilizokuwa karibu kukomaa ziko kwenye takataka, na machipukizi yanaanza safari upya, ya msimu mmoja na mara nyingi zaidi. Mwaka unaofuata mwenyewe akikata tena, atakata tena kila mwaka, na hataona ua. Kata tawi lililooza au lililovunjika, au linalozuia mlango, basi.

Umri pia ni lazima ujulikane. Mfranjipani uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka mitatu, minne, mitano au zaidi kabla ya ua la kwanza, na ua hilo huenda lisifanane na la mama yake. Uliotokana na kipande cha tawi lililokomaa, kilichotolewa kwenye mti unaochanua, mara nyingi huchanua baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo ununuapo kitaluni uliza umetokana na nini, na kama muuzaji hajui, angalia shina. Wako pia wanaolalamika kwamba kipande kilitoa maua miezi michache baada ya kupandwa kisha kikanyamaza miaka miwili. Hilo si ajabu. Shada lile lilikuwa limekwisha kuanza ndani ya ncha kabla tawi halijakatwa, nalo lilitumia akiba iliyohitajiwa na mizizi. Ukiona shada kwenye kipande kisicho na mizizi, livunje, hata kama moyo unauma.

Mahali pa baridi habari ni ngumu zaidi. Katika nchi za juu zaidi ya futi 7,000, kama Limuru na Nyahururu, mti huu hukua polepole sana, na baridi ya barafu huuua ncha zake. Akaaye huko aupande upande wa ukuta upatao jua la mchana, karibu na mawe au saruji inayohifadhi joto, au auweke katika debe aweze kuusogeza. Hata hivyo asitarajie kupata kama mtu wa Kisumu au Malindi. Afadhali apande mawaridi, kusema kweli.

Kuhusu magonjwa sina mengi. Ukikuta unga wa rangi ya machungwa chini ya majani, huo ni ugonjwa wa kutu. Okota majani yaliyoanguka uyachome, na usimwagie maji juu ya majani. Kutu hupukutisha majani lakini ni nadra kuua mti. Utomvu huwasha ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo watoto wasiuchezee, nawe unawe mikono baada ya kukata.

Atakaye kupanda upya achague mti ambao ameuona ukichanua kwa macho yake. Akate kipande cha futi moja hadi moja na nusu, chenye gome la kijivu na unene wa kidole gumba au zaidi, kabla mvua hazijaanza. Aondoe majani, akiweke kivulini mahali pakavu siku 7 hadi 14 mpaka jeraha likauke na kuwa gumu. Watu huruka jambo hili, na ndiyo sababu vipande vyao huoza. Kisha akichimbie inchi 3 au 4 katika udongo uliochanganywa na mchanga, akifunge kwenye kijiti kisitikisike, akimwagilie mara moja, halafu angoje majani. Majani ya kwanza si ushahidi wa mizizi, kwa maana hutoka kwa akiba ya tawi. Asikivute juu kuangalia.

Yule mama wa Voi alihamisha mbolea kwenye mchicha wake, na wanawe wakapunguza mwarobaini. Tangi limejengwa upande wa jikoni, ambako mfereji wa paa ulirefushwa kwa mabati mawili. Mti bado haujachanua. Nilipopita mara ya mwisho ncha mbili zilikuwa zimetokeza kitu kama ukucha wa ndege, ambacho huweza kuwa majani au maua. Kikiwa majani, ukucha hufunguka mmoja mmoja, umechongoka na ni laini. Kikiwa maua, huonekana vifundo vidogo vingi vilivyobanana, kama ngumi ya mtoto mchanga, na kikonyo chao hurefuka kabla ya ua la kwanza kufunguka.

Kwa wenye miti inayokawia, kazi ya mwezi huu ni hii. Chagua matawi matatu, ufunge uzi kwenye kila moja inchi 6 chini ya ncha, na uandike tarehe katika daftari. Kila tarehe mosi pima kutoka kwenye uzi mpaka kwenye ncha, na uandike pia kama kuna majani, na jua linalofika. Baada ya mwaka mmoja, ikiwa matawi hayakurefuka hata kidogo, lete daftari hilo pamoja na majani mawili yaliyofungwa katika gazeti kwenye ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Bwana Shamba akiona vipimo atajua pa kuanzia.