Kabla Hujashika Ufagio, Muulize Mwenye Chumba

Kikundi chetu cha kujitolea kiliwahi kwenda kumsafishia chumba mama mmoja asiyeona. Tulifagia, tukapiga deki, tukapanga vyombo, tukaondoka mioyo myeupe. Siku ya tatu nikampitia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chumvi yangu mliiweka wapi?"

Chumvi na sabuni ya unga alizihifadhi katika mikebe miwili inayofanana, ile ya maziwa ya unga. Wa chumvi aliuvisha mpira wa kufungia noti ili vidole viutambue. Sisi tuliuvua ule mpira tukidhani ni uchafu, kisha tukaipanga mikebe yote pamoja, juu, asikoizoea. Siku tatu mama yule alikuwa mgeni chumbani kwake, akiomba chumvi kwa jirani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza: nikusaidie nini, na kwa namna gani? Akisema hahitaji, mwamini. Ukihamisha kitu, kirudishe palepale, na mlango uache wazi kabisa au umefungwa kabisa. Ulio nusu humpiga usoni.

Njiani, usimkamate mkono ukamvuta, wala usimsukume kwa nyuma. Jitaje jina, umguse kidogo kwa mkono wako, yeye mwenyewe akushike juu ya kiwiko. Tangulia nusu hatua. Mwili wako utamweleza: ukipanda atajua, ukishuka atajua. Penye mtaro simama, useme, "Mtaro, hatua moja ndefu." Neno "pale" halimfikishi popote, "kushoto kwako, hatua tatu" linamfikisha. Njia ikibana katikati ya meza za mitumba, peleka mkono nyuma ya mgongo wako, naye atakufuata kwa nyuma. Kwenye daladala mwekee mkono kwenye bomba la mlangoni apande mwenyewe. Konda asimnyanyue kama mzigo. Fimbo nyeupe ni yake, usiishike wala kuisogeza bila kumwambia. Na ukiondoka, aga. Kumwacha mtu akizungumza na hewa ni kumvunjia heshima.

Kwenye pesa uwe mwangalifu zaidi. Wengi hukunja kila noti kwa mkunjo wake, basi usizinyooshe. Unapomkabidhi chenji, mpe noti mojamoja ukiitaja: elfu kumi hii, elfu mbili hii. Akitaka kutuma pesa kwa simu, msomee menyu upesi kidogo, maana ukichelewa inajifunga. Lakini namba ya siri aibonyeze mwenyewe, nawe geuza uso. Hata akikutajia kwa kukuamini, mkatalie kwa upole. Barua na majibu ya hospitali msomee yote, hata pabaya, na yasitoke nje ya mlango ule.

Mezani, wapo wanaopenda kuelezwa sahani kwa mfano wa saa ya ukutani. Kwa hesabu yetu, upande wa mbali ni saa sita, kulia saa tisa, karibu yake saa kumi na mbili, kushoto saa tatu. Kama hakuizoea saa hiyo, mwambie tu, "Samaki yuko upande wako, wali upande wa mbali."

Mwenye uoni hafifu mwandikie kwa kalamu nene, herufi kubwa, na umpakie rangi nyeupe kwenye kingo za ngazi.

Kama muda wako ni mfupi, ipo programu ya simu iitwayo Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015. Aliyeibuni ni Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, fundi samani ambaye mwenyewe ana uoni hafifu. Asiyeona hupiga simu ya video anapotaka, wewe ukamsomea tarehe ya mwisho ya dawa, akakata. Naipenda kwa sababu anayeamua ni yeye.

Tuliporudi kwa mama yule tulimuuliza anataka nini. Hakutaja usafi. Alitaka mtaro ulioko kati ya mlango wake na bomba la maji ufunikwe. Jumamosi iliyofuata tukaitisha msaragambo, tukaweka vibamba vinne vya zege. Akaja na fimbo yake, akagonga kimoja kimoja, akasimama juu ya cha tatu.

"Hiki kinacheza," akasema.

Tukakinyanyua, tukakiweka upya.