KUFUNDISHA CHANZO NA MATOKEO: BIASHARA YA SUFI NA NGOZI ZA KONDOO

Mara nyingi twamkuta mwanafunzi anayetaja mwaka bila kuujua uzito wake. Twapendekeza somo lifuatalo la dakika 40, juu ya Uingereza ya kale.

Hatua ya kwanza: Mwalimu aandike ubaoni kwamba mwaka 1275 Mfalme Edward wa Kwanza alitoza shilingi 6 na peni 8 kwa kila gunia la sufi lililopelekwa ng'ambo, na kiasi kicho hicho kwa kila ngozi 300 za kondoo zenye sufi. Shilingi moja ilikuwa peni 12. Wanafunzi wakokotoe ushuru wa ngozi moja. Watapata zaidi kidogo ya robo peni.

Hatua ya pili: Waelezwe kuwa katika karne ya 14 ushuru wa sufi uliongezwa sana ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, ilhali ule wa vitambaa ulikuwa mdogo. Je, ni nani aliyeipata sufi hiyo kwa bei nafuu, mfumaji wa Flanders au wa Uingereza?

Hatua ya tatu: Wajadili kwa nini, kufikia katikati ya karne ya 15, sufi nyingi zaidi ilitoka Uingereza ikiwa imekwisha fumwa kuliko ikiwa ghafi.

Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Mwanafunzi akigundua mwenyewe kwamba ushuru uliokusudiwa vita uliwanufaisha wafumaji, hatausahau mwaka 1275.

Zoezi: Ni nani hasa aliyeubeba ushuru huo, mnunuzi wa ng'ambo au mfugaji aliyepunguziwa bei?